Kabla hujapakia draiva hiyo GitHub, angalia leseni yake

Ndugu, nimekuelewa: mtengenezaji wa adapta yako ya Wi-Fi amekutumia kwa barua pepe msimbo wa draiva ya Linux (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa hicho), umeurekebisha ukakubali kerneli mpya, yaani kiini cha Linux, na sasa unataka kuuweka GitHub, tovuti ya kushirikishana msimbo, wengine wanufaike. Nia njema kabisa. Ila kutumiwa msimbo si kupewa ruhusa ya kuusambaza.

Fungua kila faili, usome mistari ya juu. Ukikuta SPDX-License-Identifier: GPL-2.0, yaani mstari unaotaja leseni huria ya GPL, ambayo ndiyo leseni ya kerneli yenyewe, sambaza bila wasiwasi. Acha majina ya wenye hakimiliki yalivyo na ueleze ulichobadilisha. Ukikuta maneno ya siri au umiliki binafsi, usipakie. Hata viraka (faili zinazoonyesha mabadiliko yako tu) peke yake vina mistari ya msimbo wao ndani.

Penye utata ni pale faili hazina leseni, lakini chini kuna MODULE_LICENSE("GPL"). Mstari huo huiambia kerneli iruhusu moduli, yaani kipande kinachopakiwa ndani yake kama draiva yako, kutumia vipengele vilivyotengwa kwa moduli zenye leseni ya GPL. Mimi singeutegemea peke yake. Mwandikie mtengenezaji, omba athibitishe leseni kwa maandishi, na uhifadhi jibu.

Faili za fimuwea (programu inayoendeshwa ndani ya adapta yenyewe) zitenge, mara nyingi zina leseni yao tofauti.

Kama ulisaini mkataba wa kutunza siri, au kazi hii uliifanya kwa mwajiri, muone kwanza wakili anayejua hakimiliki.