Maswali ya Wasomaji: Pembe ya Karatasi Inayokwaruza

SWALI: Gramafoni yangu ni ya kampuni ya E.M.G. ya London, pembe yake ni ya karatasi, upana wa mdomo sentimita 75. Muziki ukipanda, hukwaruza. Nimeshauriwa niipake faibaglasi kwa ndani na nitumie sindano za chuma. Nikubali?

JIBU: Yote mawili, hapana. Kwanza tafuta kelele inatoka wapi. Gongagonga pembe kwa ncha ya kidole, kutoka shingoni hadi mdomoni. Panapolia kwa kupwaya, tabaka za karatasi zimeachana. Ingiza gundi ya unga wa ngano kwa brashi nyembamba, bana kwa kitambaa na ubao, acha kivulini siku mbili. Usiiloweshe: karatasi ikinywa maji hulegea, na jua huikunja.

Pembe ikiwa nzima, mshuku kichwa cha sauti, yaani kile kisanduku kidogo kinachoshika sindano. Mipira inayoshika utando, kile kisahani chembamba kinachotetema ndani yake, imekauka, kwa hiyo utando unagongana na kingo. Weka mipira mipya laini. Utando usibanwe wala usichezecheze. Kagua pia pale mkono unaobeba kichwa hicho unapoungana na pembe. Hewa ikivuja hapo, besi hupungua.

Sasa faibaglasi. Pembe hizi zimechorwa ili eneo la njia ya sauti liongezeke mara mbili kila baada ya urefu uleule. Kwa mdomo wako, pembe ya hesabu hiyo huongezeka hivyo kila sentimita 13 hivi, na besi hushuka hadi karibu hezi 145, yaani mitetemo 145 kwa sekunde. Shingoni, penye upana wa sentimita 2, ukipaka unene wa milimita 2 pande zote, zaidi ya theluthi ya njia imezibwa, na hesabu hiyo imevurugika. Isitoshe, karatasi ilichaguliwa kwa sababu haingurumi kama bati. Kuifanya gamba gumu ni kuiharibia sifa yake.

Sindano za chuma huila santuri. Tumia za mwiba au mwanzi. Ya mwanzi ikatwe ncha mpya kila upande wa santuri. Na santuri za vinili zisiguse mashine hii kabisa, kichwa chake ni kizito mno.

SWALI: Gramafoni yangu ya kupiga ufunguo hutoa kishindo katikati ya wimbo, kisha mwendo hubadilika. Kwa nini?

JIBU: Grisi ya springi imeganda, mizunguko ya springi inanata na kuachia ghafla. Isafishwe, ipakwe grisi yenye grafiti. Lakini hiyo kazi mpe fundi wa saa: springi ikifyatuka kutoka kwenye pipa lake hukata vidole.