Gakjadosaeng: Kila Mtu Ajiokoe Mwenyewe

Wasomaji kadhaa wanaofuatilia tamthilia za Kikorea wameuliza kuhusu msemo huu, nami nimechagua maswali manne.

Je, msemo huu ni wa zamani, au umebuniwa na vijana wa mitandaoni? (Morogoro)

Ni wa zamani sana. Maana yake ni kwamba kila mtu ajitafutie mwenyewe namna ya kunusurika, na umo katika kumbukumbu rasmi za wafalme wa enzi ya Joseon (ufalme wa zamani wa Korea), penye habari za vita na njaa. Mwaka 1592, majeshi ya Japani yalipovamia, Mfalme Seonjo aliuhama mji mkuu akakimbilia kaskazini hadi Uiju, mpakani mwa China, na raia wakaachwa wajinusuru kwa namna yoyote watakayoiweza.

Basi si ndiko kujitegemea tunakofundishwa tangu utotoni? (Nakuru)

Hapana, na naomba tusivichanganye vitu hivi viwili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliposisitiza kujitegemea, lilikuweka pamoja na ujamaa, yaani watu watumie nguvu zao wenyewe huku wakishikana mikono. Gakjadosaeng huanza pale ambapo aliyepaswa kukulinda amekupa kisogo. Mkorea anapoutamka msemo huu leo, mara nyingi hajisifu kuwa ni hodari, bali anaishtaki serikali yake, mwajiri wake, au jamii nzima iliyomwacha peke yake.

Kwa nini unatajwa sana miaka hii? (Zanzibar)

Chanzo kimoja ni mgogoro wa fedha wa mwaka 1997, ambapo Korea Kusini ililazimika kuomba mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kampuni zilifilisika, na wafanyakazi walioamini kwamba ajira zao zingedumu hadi kustaafu wakapunguzwa kazi.

Lakini jeraha lililo kubwa zaidi ni la tarehe 16 Aprili 2014. Kivuko cha Sewol, kilichotoka Incheon kuelekea kisiwa cha Jeju, kilianza kulala upande, na vipaza sauti vikawaambia abiria tena na tena watulie palepale walipo. Wanafunzi wa sekondari ya Danwon walivaa jaketi za kuokolea maisha, wakabaki vyumbani wakisubiri kama walivyoagizwa, ilhali nahodha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuokolewa. Watu 304 walipoteza maisha, 250 kati yao wakiwa wanafunzi hao. Zanzibar, ambako msiba wa MV Spice Islander wa mwaka 2011 haujasahaulika, haihitaji kuelezwa uchungu huo. Wakorea wengi walihitimisha kwamba waliotii ndio walioangamia, na tangu hapo kila maafa yanapotokea, kama msongamano wa watu katika mtaa wa Itaewon jijini Seoul ulioua watu 159 mwaka 2022, msemo huu husikika upya.

Kikundi chetu cha vijana kinataka kuuandika kwenye fulana kama kaulimbiu. Unatushauri nini? (Mbeya)

Ninawasihi msifanye hivyo, kwa sababu Mkorea atakayeisoma fulana hiyo ataona kilio cha watu waliotelekezwa, tena vifuani mwa vijana waliokusanyika ili wasaidiane. Wakorea wenyewe hawaishi kwa msemo huo tu. Sewol ilipozama, wavuvi wa karibu walikimbilia kuokoa watu kwa mashua zao, na mwanzoni mwa mwaka 1998 mamilioni ya raia walipanga foleni kutoa dhahabu zao, zikiwemo pete za ndoa na zile ambazo watoto hupewa wanapotimiza mwaka mmoja, ili nchi ilipe deni. Zilikusanywa zaidi ya tani 200.

Kama mnapenda msemo wa Kikorea, chukueni sipsiilban, unaosema kwamba watu kumi wakitoa kijiko kimojakimoja cha wali, mwenzao mmoja atapata bakuli zima. Kwa mwandiko wao ni silabi nne tu: 십시일반.