Maswali ya Wasomaji: Hivi Damon Dash alifanya nini hasa pale Roc-A-Fella, lebo ya muziki ya rapa Jay-Z?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Kuna ubishi hapa kwetu hauishi. Jamaa yangu anasema Damon Dash hana lolote, hajui kurap, hajui kutengeneza biti, kazi yake ilikuwa kutokea kwenye video za Jay-Z ameshika chupa. Mimi nasema bila yule mtu Jay-Z tusingemsikia. Tuamulie basi.

JIBU: Salama ndugu yangu. Wote mna ukweli wenu, ila wewe una mwingi zaidi.

Ni kweli Dash hakurap wala hakukaa kwenye mashine ya biti. Ni mtoto wa Harlem, New York, kazaliwa 1971, na kabla ya yote alikuwa meneja. Alikuwa na kundi linaitwa Original Flavor, humo alikuwemo Ski, ambaye baadaye ndo akatengeneza biti kadhaa za albamu ya kwanza ya Jay-Z. DJ Clark Kent ndo aliyewakutanisha Dash na Jay-Z, kijana wa Brooklyn anayerap kwa kasi ambaye lebo kubwa zote zilikuwa hazimtaki. Sasa hapo ndo kazi ya meneja inaanza. Mameneja wengi wakikataliwa wanarudi kumwambia msanii abadilike, Dash akasema kama hawatusaini tunafungua ya kwetu, wakaungana yeye, Jay-Z na Kareem Burke wakaanzisha Roc-A-Fella mwaka 1995, hela yao, CD wanauza wenyewe kwenye buti ya gari. Juni 1996 ikatoka Reasonable Doubt. Haikuvunja rekodi, iliishia namba 23 kwenye chati ya Billboard, lakini shikilia hiyo albamu kichwani maana tutairudia.

Ukitaka kumuona bosi huyu akiwa kazini usihangaike na video za muziki, tafuta Backstage ya mwaka 2000. Ni dokumentari ya ziara ya Hard Knock Life ya 1999, Jay-Z, DMX, Method Man na Redman kwenye basi na nyuma ya jukwaa. Kuna sehemu Dash anamkuta Kevin Liles, kigogo wa Def Jam, lebo kubwa iliyokuwa na nusu ya Roc-A-Fella, na tatizo ni jaketi. Yaani jaketi tu, za Def Jam, zimegawiwa kwa watu wa ziara. Dash anamuwakia mbele za watu na kamera inazunguka. Ukiangalia haraka haraka utasema huyu jamaa ana kiburi, na anacho kweli, sipingi. Ila angalia anachokigombania: ziara ni ya Roc-A-Fella, watu wakitoka pale na picha za jaketi za Def Jam basi kesho hadithi itakuwa ni Def Jam ndo walioandaa. Na Dash ndo prodyuza wa filamu yenyewe, angeweza kuiondoa ile sehemu, akaiacha.

SWALI: Kama alikuwa mjanja hivyo mbona leo Jay-Z ni bilionea na yeye tunasoma habari za madeni? Alidhulumiwa?

JIBU: Hili swali limekuja kwa wingi sana. Mimi neno kudhulumiwa silitumii, kila kitu kilisainiwa. Fuata namba tu.

1997, baada ya albamu moja, waliwauzia Def Jam nusu ya lebo kwa dola milioni 1.5. Wakati ule ilikuwa hela ya maana, na Def Jam walikuwa na njia ya kufikisha CD kila duka, kitu ambacho buti ya gari haikiwezi. Mwaka uliofuata Jay-Z akatoa albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 5 Marekani peke yake! Hapo unaelewa nusu ile iliuzwa mapema kiasi gani. Mwishoni mwa 2004 nusu iliyobaki nayo ikaenda Def Jam kwa dola milioni 10, na Jay-Z huyo huyo akateuliwa kuwa rais wa Def Jam. Kwa hiyo jumla ya lebo nzima iliyotoa Jay-Z, Cam'ron, Beanie Sigel na albamu ya kwanza ya Kanye West ni milioni 11 na nusu, na hizo za mwisho zinagawanywa kwa watu watatu. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu kuna nguo. Rocawear waliianzisha 1999, na baada ya kugombana Jay-Z akanunua sehemu ya Dash. Mwaka 2007 jina la Rocawear likauzwa kwa kampuni ya Iconix kwa dola milioni 204. Dash hakuwepo tena mezani. Nadhani hapa ndo palimuumiza zaidi kuliko muziki, maana kwenye nguo ndo kulikuwa na mkwanja wa kweli, lebo ilikuwa kama tangazo tu.

Kilichokuwa kimebaki mkononi mwake ni theluthi ya kampuni inayoitwa Roc-A-Fella, Inc., na mali kubwa ya kampuni hiyo ni ile Reasonable Doubt niliyokwambia uishikilie. Mwaka 2021 kukatokea kesi, kampuni hiyo ikimzuia Dash asiuze kitu chochote cha haki za ile albamu kwa mtindo wa NFT, yaani cheti cha umiliki cha kidijitali kinachouzwa mtandaoni, maana mwenye theluthi ana hisa kwenye kampuni, albamu ni mali ya kampuni. Na 2024 hiyo theluthi yenyewe ikapigwa mnada kwa amri ya mahakama kulipa madeni.

SWALI: Kwenye filamu je? Nasikia ni prodyuza mkubwa, nianzie wapi?

JIBU: Hapa nina maoni yangu na wengine watanuna. Dash prodyuza ni mtu mwingine kabisa na Dash dairekta.

Kama prodyuza ana Paid in Full ya 2002, kwangu mimi ni kitu kizuri kuliko vyote alivyogusa nje ya muziki. Inatokana na maisha ya vijana watatu wa Harlem waliotajirika kwa kokeini miaka ya 80, Dash alikua mitaa ileile enzi zilezile, na aliyedairekti ni Charles Stone III, Dash akabaki kwenye kutafuta hela na kupigania iwepo. Kwenye majumba ya sinema haikufanya lolote la maana, watu waliigundua baadaye kwenye DVD, na Cam'ron mle ndani anatisha. Pia aliweka hela kwenye The Woodsman ya 2004 ya Kevin Bacon, filamu nzito isiyo na hiphop hata kidogo, na baadaye akamdai Lee Daniels, prodyuza wa filamu hiyo, dola milioni 2 mpaka wakaja kupatana 2018.

Kama dairekta, ana State Property 2 ya 2005 ambayo unaweza kuiruka kabisa. Death of a Dynasty iangalie kwa sababu nyingine: ni vichekesho, kuna muigizaji anacheza kama Dash na mwingine kama Jay-Z, na stori ni uvumi kwamba lebo inavunjika. Ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Tribeca, New York, mwaka 2003. Kufika mwisho wa 2004 lebo ikavunjika kweli, na ilipokuja kutoka kwa watu wote mwaka 2005 hakuna aliyekuwa anacheka tena.

Anza na Paid in Full, halafu Backstage. Ukimaliza hizo niandikie, hasa wewe mwenye jamaa mbishi, nataka kusikia anasemaje kuhusu zile jaketi.