Wingi wa sungura ulikuwa na masharti

Mhariri,

Juma hili mmetuuliza ni nini kinachowamaliza sungura mwitu mashambani, na kama kupungua kwao ni jambo la kusikitisha au ni ahueni kwa mkulima. Jibu langu linamhusu sungura wa Ulaya, yule anayechimba mashimo na kuishi humo kwa makundi, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno ingawa binadamu amemsambaza mbali sana na huko. Wengi hukimbilia kuwalaumu mbweha, tai na wawindaji. Kwa maoni yangu hao wanasingiziwa, kwa kuwa sungura ameliwa tangu enzi na enzi na bado akabaki tele. Kilichobadilika ni kwamba magonjwa mawili yamempukutisha, na ardhi anayoishi haimpi tena nafasi ya kuongezeka upya.

Ugonjwa wa kwanza, miksomatosi, una mkono wa mtu. Virusi vyake vilikuwa vikiishi katika sungura wa Amerika Kusini bila kuwadhuru sana, hadi mwaka 1896, huko Montevideo, Uruguay, mtaalamu wa vijidudu Giuseppe Sanarelli alipoona sungura wa Ulaya waliokuwa katika maabara yake wakifa kwa maradhi yasiyojulikana. Mwaka 1950 Australia ilivitumia kwa makusudi kuwaangamiza sungura waliokuwa wakimaliza malisho, na miaka miwili baadaye daktari mstaafu wa Ufaransa, Paul-Félix Armand-Delille, aliwaambukiza sungura wawili katika shamba lake la Maillebois, akiamini kwamba ukuta unaolizunguka ungetosha kuuzuia ugonjwa usitoke. Haukutosha. Kufikia mwaka 1953 ulikuwa umevuka bahari hadi Uingereza, ambako katika muda wa miaka michache uliua takriban asilimia 99 ya sungura wote. Mgonjwa huvimba kope mpaka macho yakazibika, akaonekana ameketi kando ya barabara mchana kweupe, haoni wala hakimbii. Mwenezaji mkuu huko Uingereza alikuwa kiroboto, ambaye uzazi wake umefungamana na wa sungura: homoni za jike mwenye mimba ndizo zinazomkomaza, na vitungule wanapozaliwa, viroboto huwahamia wao ili kutaga mayai. Hata hivyo, baada ya muda virusi vilipungua ukali, sungura waliosalia wakarithisha usugu wao, na idadi ikaanza kupanda.

Ndipo ukaja ugonjwa wa pili, ule wa kuvuja damu, uliotambuliwa Uchina mwaka 1984 miongoni mwa sungura wa kufugwa na kufika Ulaya kabla ya muongo huo kwisha. Huu huharibu ini na kuua kwa siku mbili tatu, mara nyingi bila dalili ya nje, na kwa vile wengi hufia mashimoni, shamba linaweza kubaki tupu pasipo mtu kuona mizoga. Aina ya kwanza ya virusi hivyo iliwasamehe vitungule wachanga, ambao waliambukizwa, wakapona, wakakua wakiwa na kinga. Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Palipokuwa na sungura wengi, kitungule alikutana na virusi mapema, angali katika umri wa kupona; palipokuwa na wachache, alikutana navyo ukubwani, akafa. Wingi wenyewe ulikuwa sehemu ya kinga, na kundi lililoupoteza lilizidi kudhoofika. Mwaka 2010 ikaonekana nchini Ufaransa aina mpya inayoua hata vitungule, na njia hiyo ya kujinusuru ikabanwa.

Watu husema sungura huzaa mno, kwa hiyo hawezi kwisha. Ni kweli kwamba mimba yake huchukua takriban mwezi mmoja tu na kwamba hupata nyingine mara baada ya kujifungua, lakini uzazi huo una masharti. Jike huchimba shimo fupi la kuzalia, akalitandika majani na manyoya aliyoyang'oa tumboni mwake, kisha hulifukia mlango kwa udongo na kurudi kunyonyesha kwa dakika chache, kwa kawaida mara moja tu kwa siku. Anahitaji udongo mwepesi usiotuamisha maji, kichaka cha kukimbilia, na majani mafupi karibu. Mashamba makubwa yaliyong'olewa vichaka vya mipakani humnyima kichaka. Malisho yaliyotelekezwa na wafugaji, kama ilivyotokea sehemu nyingi za Hispania, hugeuka msitu wa vichaka na kumnyima majani.

Je, tusikitike? Malalamiko ya mkulima si ya uongo, kwani katika baadhi ya nyanda za kilimo za Hispania sungura wamejazana kwenye tuta za reli na barabara kuu na wanaharibu mizabibu na nafaka, ilhali mwaka 2019 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilimworodhesha sungura huyohuyo kuwa aliye hatarini kutoweka katika eneo lake la asili. Linksi wa Iberia, paka mwitu wa Hispania na Ureno ambaye chakula chake kikubwa ni sungura, alibakiwa na linksi waliokomaa wasiofika 100 mwanzoni mwa karne hii, na ameongezeka baada ya juhudi za muda mrefu zilizojumuisha kumrudishia sungura wake.

Mfano unaonishawishi zaidi, lakini, ni wa kipepeo mkubwa wa bluu, aliyetoweka Uingereza mwaka 1979. Kiwavi wake hubebwa na sisimizi wekundu wanaodhani ni mtoto wao, akaingizwa kichuguuni, akanenepa kwa kula watoto wao wa kweli. Sisimizi hao wanataka udongo wenye joto, na udongo hupata joto pale majani yanapokuwa mafupi. Miksomatosi ilipowaondoa sungura, majani yakarefuka, udongo ukapoa, sisimizi wakapungua, na kipepeo akaenda nao. Alirejeshwa miaka ya 1980 kwa viwavi kutoka Uswidi, baada ya mtafiti Jeremy Thomas kuufumbua mnyororo huo.

Chanjo zipo, lakini zinamfaa sungura wa kufugwa. Kumkamata na kumdunga kila wa mwituni hakuwezekani. Kuhamisha sungura kutoka kwingine nako mara nyingi huishia kuwalisha mbweha katika siku za kwanza. Naona lenye tija zaidi ni kuwasaidia waliobaki pale walipo, kwa kurundika matawi makavu karibu na mashimo yao na kuacha mifugo ifupishe majani, kazi ambayo imejaribiwa Breckland, mashariki mwa Uingereza. Mkulima wa jirani naye asaidiwe kuweka uzio wa wavu wenye matundu madogo, ukingo wake wa chini ukunjwe kuelekea nje na kufukiwa, maana sungura huanza kuchimba pale pale anapokutana na kizuizi.