Magauni ya kikoi na oda za mbali

Dada, umesema wateja wanakusukuma uuze mtandaoni magauni yako ya kikoi, nawe hutaki kwa kuwa mtu hawezi kuigusa nguo wala kuijaribu. Una haki kabisa. Usifungue duka la kubonyeza na kulipa, utalemewa na nguo zinazorudishwa. Pokea oda chache za WhatsApp, na nusu ya malipo iingie kwa M-Pesa kabla hujatia mkasi kitambaani.

Kinachoharibu oda za mbali hasa ni vipimo. Watu hujipima vibaya, futi inalegea mgongoni wasione. Mwambie mteja alaze mezani gauni linalomkaa vizuri, apime kwapa hadi kwapa na azidishe mara mbili, kisha bega hadi bega, na urefu. Akutumie picha futi ikiwa juu ya nguo. Bila picha hiyo, usikate. Kikoi cha pamba hunywea kikifuliwa, kwa hiyo kiloweke usiku kucha, ukianike, ukipige pasi, ndipo ukate.

Picha za magauni yako piga kivulini bila flashi, na moja ionyeshe mshono kwa karibu. Mzigo utavuka kwa boti hadi Mokowe, gati ya bara ng'ambo ya Lamu, kabla ya kupanda basi la Mombasa: ufunge kwa nailoni, maji ya chumvi yasiufikie.