Jibu: Macho mazima, lakini anagonga milango

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nimelisoma swali la ndugu yetu wa tiba ya kazi (kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku) aliyepangiwa Pemba. Mgonjwa wake wa kiharusi ana miaka 58, mkono na mguu wa kushoto vimeanza kurudi, lakini kila akipita mlangoni anajigonga bega, wali anakula nusu ya sahani tu, na wanawe washasema baba kawa mkaidi. Kapelekwa kwa daktari wa macho, kasoma chati mpaka mstari wa chini, karudi na karatasi kwamba macho mazima. Familia imemnunulia miwani vilevile. Ndugu yetu anauliza tatizo liko wapi.

Daktari hakukosea. Chati inapima ukali wa macho, herufi moja moja, pale unapotazama. Haipimi kama ubongo unaipokea picha ya upande mzima, wala kama unajishughulisha na upande huo. Kiharusi kikipiga sehemu ya nyuma ya ubongo, au njia inayopeleka picha huko, mtu hupoteza nusu ya eneo analoona, upande mmoja kwa macho yote mawili. Hiyo ni hemianopia. Kikipiga ubongo wa kulia anaweza akawa anaona, lakini kushoto kwake kukawa kama hakupo. Huku ndiko kuupuuza upande. Mtu mmoja anaweza kuwa navyo vyote viwili, lakini tiba zake si moja.

Mimi haya sikuyajua darasani. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na mzee mmoja, wiki tatu namtembeza, na kila siku yeye na fremu ya mlango. Nikaandika kwenye faili kwa mkono wangu: "Hashirikiani." Siku moja nikaenda kumtazama kwao, kijijini nje ya Wete, nikamkuta barazani anacheza bao. Nikapewa kahawa, nikakaa.

Mzee yule alikuwa fundi wa bao, mtaa mzima unajua. Siku hiyo kila akila kete anaingilia kichwa cha kulia tu, yaani shimo la mwisho la upande huo, hata pale kichwa cha kushoto kingemaliza mchezo. Kijana aliyekaa mbele yake keshaelewa, anamla kushotoni, shimo baada ya shimo, na watu wanacheka. Nikamwambia, "Mzee wangu, hebu nihesabie mashimo ya safu yako ya mbele." Akapitisha kidole kutoka kulia: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akanyamaza, kamaliza. Mtu aliyecheza bao miaka arubaini anahesabu mashimo matano kwenye safu ya manane, wala hashtuki! Kahawa ilinishinda kumeza.

Nikakaa mbele yake uso kwa uso, kama urefu wa mkono, nikamwomba anitazame puani. Nikatikisa kidole cha upande wake wa kushoto peke yake: akakiona, kwa kuchelewa. Cha kulia: akakiona. Vyote viwili kwa pamoja: akasema cha kulia tu. Hapo ndipo nilipopata jibu: anaupuuza upande. Mwenye hemianopia kidole cha kushoto hakioni hata kikiwa peke yake, na mara nyingi mwenyewe anajua kuna kasoro, anageuza kichwa kutafuta. Huyu wangu alikuwa hatafuti. Hata ndevu alinyoa upande mmoja.

Kwa hiyo kesho fanya kipimo hicho cha vidole, jicho moja moja kwanza, kisha yote mawili. Halafu karatasi: chora mistari mifupi arubaini hivi, tawanya ukurasa mzima, mwambie aikate yote. Iweke katikati ya kifua chake na usiisogeze. Ukiona mistari ya kushoto imebaki bila kukatwa na yeye anakurudishia kalamu ameridhika, basi ni kama mzee wangu.

Kwake nilifunga kitambaa chekundu kwenye kichwa cha kushoto cha bao. Sharti: hachezi kete mpaka akiguse, na akiguse kwa mkono wa kushoto hata kama unajikokota, kwani kuutumia mkono wenyewe kunaivuta akili upande ule. Mlangoni hivyo hivyo, aguse fremu ya kushoto kwanza ndipo apite. Ilichukua miezi, na bao hakurudi kuwa fundi. Bega lilipona.

Kama ni hemianopia, usimwahidi kwamba nusu itarudi. Inayorudi yenyewe hurudi zaidi miezi 3 ya mwanzo, na baada ya miezi 6 matumaini ni madogo. Mfundishe kupeleka macho haraka upande uliopotea, mbali kuliko anavyodhani inatosha, kwanza amekaa kitini, kisha anatembea, kisha sokoni penye watu.

Na kusoma kwetu kuna jambo ambalo vitabu tulivyosomea havikulifikiria. Nilikuwa na mgonjwa, bibi mmoja mwalimu wa chuo cha Kurani, hemianopia ya kushoto. Gazeti la Kiswahili anapoteza mwanzo wa mstari. Msahafu, unaosomwa kutoka kulia, mwanzo anaupata, lakini haoni neno linalokuja, na mwisho wa mstari unamtoroka. Mtihani wangu wa kwanza ulinidanganya kabisa: nilimfungulia sura ya Yaasin, akaisoma bila kukosea, kumbe ameihifadhi. Mpe asichokihifadhi. Dawa ikawa ukanda wa kadi nyekundu, anaulaza ukingo wa kushoto bila kuandika chochote kwenye msahafu. Kwenye gazeti haanzi mstari mpaka auone, kwenye msahafu haumalizi mpaka aufikie.

Wenzetu wa fiziotherapia, mgonjwa akiyumba msimwandikie mizani mibovu kabla hamjamuuliza kama anaona vitu viwili viwili. Mzibe jicho moja, kisha la pili. Vikiwa kimoja mara zote mbili, macho hayaelekei pamoja. Vikibaki viwili, tatizo ni la jicho lililo wazi lenyewe, pengine mtoto wa jicho, mrudisheni kwa daktari wa macho. Kumziba jicho moja lote kunamwondolea kipimo cha umbali, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe mnazijua. Mimi hubandika plasta nyembamba inayopitisha mwanga kwenye sehemu ya kioo cha miwani panapoleta uwili.

Kitanda pia. Wengine humgeuzia mgonjwa upande mbovu uelekee watu ili "alazimike" kutazama. Siku za mwanzo naona ni ukatili: anayepuuza halazimiki, anabaki peke yake na ukuta. Maji na simu viwe upande anaouona. Wewe na mazoezi yako njooni kutoka upande anaoupuuza.

Umeuliza pia kama mgonjwa wako aendeshe tena Vespa yake. Hapana, hata kama mguu una nguvu. Ufunguo akae nao mwanawe, na umweleze yeye mwenyewe kwa nini, si familia peke yao. Ile karatasi ya mistari ukishaifanya ipige picha, ufiche jina, uiweke hapa tuitazame.