Kabla ya kuuliza jinsia, uliza kondo limekaa wapi

Siku niliyopiga ultrasaundi ya mimba yangu ya pili nilikuwa na wiki 21, na swali nililokwenda nalo lilikuwa moja tu: wa kike au wa kiume? Mpimaji akaniambia wa kiume. Nikashukuru, nikajifuta ile jeli tumboni, nikapewa karatasi, nikaikunja mara nne na kuichomeka ndani ya kadi ya kliniki. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari saba au minane. Mstari mmojawapo ulisema kondo la nyuma limekaa chini na limefika kwenye mlango wa kizazi. Hakuna aliyenisomea mstari ule, na mimi mwenyewe sikuusoma. Nilitembea nao kwenye mkoba kwa wiki 12.

Nawaandikia ninyi mlio na mimba sasa, na hasa mliowahi kujifungua kwa operesheni kama mimi. Binti yangu wa kwanza alizaliwa kwa kisu, na sikuwahi kuambiwa kwamba lile kovu lina habari yake katika mimba inayofuata.

Wiki ya 31, alfajiri, niliamka kwenda chooni nikahisi kitu cha moto kinashuka mapajani. Nikawasha taa. Damu, nyekundu mbichi, imelowesha kanga eneo la ukubwa wa sahani. Tumbo halikuuma hata kidogo. Mgongo haukuvuta. Mtoto alikuwa anacheza kama kawaida yake. Nikakaa pembeni ya kitanda nikisubiri maumivu yaje ili nijue kama naumwa, nayo hayakuja. Kufika saa mbili asubuhi damu ilikuwa imekata yenyewe. Nikaloweka kanga kwenye beseni, nikampikia binti yangu uji, akaenda shule.

Mama mkwe alipoona kanga kwenye kamba akaniuliza, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, damu isiyo na uchungu haina neno. Hiyo ni mimba inajisafisha." Simlaumu. Amezaa watoto sita na wote wako hai, na maneno hayo aliyapokea kwa waliomtangulia. Nilimwamini kwa sababu nilitaka sana kumwamini.

Sisi tumelelewa kupima ugonjwa kwa maumivu. Kisichouma tunakiita kidogo. Kwa kondo la nyuma, kipimo hicho kinaua. Kondo likiwa limefunika mlango wa kizazi, au ukingo wake uko karibu sana na mlango huo, damu hutoka bila uchungu wowote. Sehemu ya chini ya mji wa mimba huanza kutanuka na kuwa nyembamba miezi ya mwisho inapokaribia. Kondo halitanuki pamoja nayo, kwa hiyo linaachia kidogo pembeni na mishipa ya mama inabaki wazi. Hakuna kinachobana wala kukata, ndiyo maana husikii kitu. Mara nyingi damu ya kwanza hukata yenyewe, kama yangu. Mkunga mmoja aliniambia baadaye kwamba wao huihesabu damu ile kuwa ni hodi. Mimi nilibishiwa hodi nikarudi kupika uji.

Mimba ikikomaa, zaidi ya nusu lita ya damu hupita kwenye mji wa mimba kila dakika. Sikuwa najua hilo. Ningelijua, nisingesubiri hata nguo zikauke.

Damu ya pili ilikuja wiki ya 33, saa nne usiku, na haikuwa ya sahani. Ilipita pedi, ikapita kitenge, ikachuruzika kwenye sakafu ya bajaji ya jirani aliyetukimbiza kituo cha afya. Tunaishi Korogwe, na kituo hakikuwa mbali. Nesi kijana akanipokea vizuri, akanilaza, akavaa glavu ili anipime njia imefunguka kiasi gani. Alikuwa ameshanisogelea pale mkunga wa zamu, mama mtu mzima, alipoingia.

"Subiri kwanza. Usimguse ndani." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, ulishapiga picha? Karatasi iko wapi?"

Mume wangu akatoa kadi, akaikunjua ile karatasi. Mkunga akaisogeza karibu na taa, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akafika kwenye ule mstari na kidole kikasimama. Hakusema kitu kwa sekunde chache. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hukuambiwa?"

Dada yangu, kama kuna jambo moja utakalolichukua hapa, chukua hili. Mjamzito anayetoka damu baada ya miezi mitano asiingizwe kidole ukeni mpaka ijulikane kondo liko wapi. Kidole kinaweza kulitoboa au kulibandua, na damu itakayofuata inaweza isizuilike pale mlipo. Ukiwa na nguvu ya kusema, sema mwenyewe: kondo langu limekaa chini. Usipokuwa nayo, aliyekusindikiza aseme. Mfundishe sentensi hiyo mapema, mumeo, mama yako, hata dereva wa bodaboda. Usione aibu kumsimamisha mhudumu. Yule nesi hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake usiku, na mimi sikumwambia kitu kwa sababu sikujua cha kumwambia.

Wakanitundikia dripu mbili, wakapiga 115. Hiyo ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, nayo ni ya bure. Iandikeni kwenye simu zenu leo. Safari ya kwenda hospitali ya rufaa Tanga ni karibu kilomita 100, na nakumbuka Segera kwa sababu ya taa zake, na Muheza kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kusikia baridi kali.

Nililazwa kuanzia usiku ule hadi siku ya operesheni. Nilichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nne, moja kila baada ya saa 12, ili kama tungelazimika kumtoa njiti aweze kupumua. Nikawekewa damu chupa mbili. Damu hiyo ilirudishwa na mume wangu, shemeji zangu wawili, na vijana wa kijiwe cha bodaboda waliopanda basi asubuhi bila kuombwa mara mbili. Huku kwetu mwanamume anaweza kuchangia kila miezi mitatu na mwanamke kila miezi minne, mradi ana umri wa miaka 18 na uzito wa kilo 50. Ukishajua kondo limekaa chini, watafute watu wako kabla. Jua kundi lako la damu. Ikiwa ni kundi hasi, kama O hasi au A hasi, ukitoka damu uliza habari ya sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wako usishambulie damu ya mtoto, ambayo hutakiwa ndani ya saa 72. Na vile vidonge vya kuongeza damu tunavyovitupa kwa sababu vinatia kichefuchefu, vimeze. Anayeanza kutoka damu akiwa nayo pungufu hana akiba.

Wodini niliuliza kila kitu ambacho sikuuliza wiki ya 21. Daktari akanieleza kwa mfano wa puto. Chora nukta karibu na mdomo wa puto, kisha lijaze upepo: nukta itasogea mbali na mdomo. Ndivyo inavyokuwa kwa wengi. Wanawake wengi huambiwa kondo liko chini kwenye wiki ya 20, na karibu 9 kati ya 10 hukuta limepanda mimba inapokua. Ndiyo sababu hurudiwa kupimwa wiki ya 32, na tena wiki ya 36 kama bado liko chini. Miezi ya mwisho, tatizo hili hubaki kwa takriban mimba 1 kati ya 200. Kwa hiyo ukiambiwa leo kwamba limekaa chini, usilie. Andika tarehe ya kurudi, na urudi. Usiinue miguu ukutani, usikandwe tumbo kulipandisha. Kondo halipandishwi kwa mikono. Acha tendo la ndoa kama daktari alivyosema, acha kubeba ndoo, na usisafiri kwenda mahali ambapo hospitali ya kupasua iko mbali.

Kwangu mimi nukta haikusogea, kwa sababu kondo lilijishikiza juu ya kovu la zamani.

Siku moja daktari alituita mimi na mume wangu, akageuza jalada la faili na kuchora. Mahali penye kovu, alisema, kondo linaweza kukosa ule utando wa kulizuia, likazamisha mizizi ndani ya nyama ya mji wa mimba. Mtoto akitoka, kondo linagoma kubanduka, na ukilivuta kwa nguvu mama anamwagika damu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba kati ya wanawake ambao kondo limefunika njia, wale wanaofanyiwa operesheni kwa mara ya pili, 11 katika kila 100 hukutwa kondo limezama hivyo. Kwa operesheni ya tatu ni 40. Kisha akatusogezea fomu ya ridhaa. Ilisema kwamba ikibidi, kizazi kitaondolewa ili niishi.

Mume wangu aliisoma, akairudia. Akaniuliza, "Mama watoto, wewe unasemaje?" Nikamwambia nataka kumlea huyu na dada yake. Akasaini baada yangu. Najua familia ambazo fomu kama hiyo huzunguka kwa wajomba na mashangazi mpaka saa zimekwisha. Zungumzeni nyumbani, mkiwa mmekaa, kabla ya siku hiyo.

Kitanda cha pili alikuwapo binti kutoka Pangani, mimba yake ya kwanza, wiki 30. Yeye kondo lake lilikuwa salama. Chupa ya maji ya uzazi ndiyo iliyopasuka. Siku tatu alikuwa akilowa kidogo kidogo akidhani mkojo unamponyoka, akawa anabadilisha nguo kwa siri. Mkojo una harufu yake na unaweza kuubana. Maji ya uzazi hayabaniki. Ukikohoa yanatoka, ukisimama yanatoka. Ukiwa na wasiwasi vaa pedi safi, tembea nusu saa, itazame na uinuse, halafu nenda kituoni hata kama huna uhakika. Ile chupa ni tando mbili zilizolala pamoja, na ndizo ukuta kati ya mtoto na vijidudu. Zikishatoboka, vijidudu vina njia, kwa hiyo usijisafishe kwa ndani wala kuweka dawa yoyote ukeni. Maji yakiwa ya kijani, au yananuka, au ukipata homa, usisubiri kuche. Binti huyu alipewa antibiotiki na zile sindano za mapafu, akapata siku 11 zaidi. Siku 11 kwa mtoto njiti ni kubwa mno. Alipojifungua walimwekea chini plastiki yenye mistari ya kupimia damu. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa Tanzania, ukatoka 2023, ulionyesha kwamba kuipima damu hivyo na kutoa tiba zote kwa pamoja bila kungoja kulipunguza kutokwa damu nyingi ya hatari baada ya kujifungua kwa asilimia 60. Zamani tulikadiria kwa macho, na macho hudanganya.

Kuna na damu nyingine nisiyotaka kuiacha, ile ya kondo kubanduka kabla ya wakati. Hiyo inauma. Tumbo linakuwa gumu kama ubao, halilegei, na damu inaweza kuwa nyeusi au isionekane kabisa kwa kuwa imejificha ndani. Huwapata zaidi wenye shinikizo la damu, na walioanguka au kupigwa tumboni. Kama unapigwa nyumbani ukiwa na mimba, mwambie mkunga. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Nilipasuliwa wiki ya 36, mchana, kwa miadi, chupa nne za damu zikiwa tayari kwenye friji. Mtoto akalia. Kilo 2.4. Halafu thieta ikawa kimya, nikamsikia daktari akihesabu vitambaa. Kondo lilikuwa limeshika sehemu moja ya kovu, eneo dogo la kama kisahani cha chai. Wakalishona, wakalikandamiza, nikawekewa chupa tatu. Kizazi kilibaki. Mwanamke aliyefanyiwa operesheni wiki hiyo hiyo chake hakikubaki, naye yuko hai na mtoto wake ni mnene.

Mama mkwe alikuja na kitambaa kipya cha kubebea kondo, akalizike chini ya mgomba kama yalivyozikwa la mume wangu na ya ndugu zake. Akaambiwa limekatwa vipande kwa ajili ya uchunguzi. Alikaa kitandani kwangu muda mrefu. Mwishowe akaniuliza, "Hivi ile damu ya kwanza, ningekwambia uende?" Nikamwambia, mama, tungeenda wote.

Mwezi uliopita wifi yangu alipiga ultrasaundi, wiki ya 22. Naye ana kovu. Alinipigia akiwa bado kwenye benchi la nje, nasikia watu wanaitwa majina nyuma yake.

"Wifi, liko juu. Upande wa mgongo, mbali na kovu. Nimemwambia anisomee mstari wote."

Nikamuuliza, na mtoto je?

"Ah, hilo nimesahau kumuuliza."